Diski ya Kumuse

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ukucha unaogonga kikombe cha bati, lakini fundi Kemboi alipoisikia aliinua mkono kama askari anayesimamisha lori.

"Zima," alisema. "Usifunge kitu chochote, usihifadhi chochote. Zima tu."

Edinah alibonyeza kitufe mpaka skrini ikawa nyeusi. Kemboi aliivuta laptopu kwake, akaigeuza taratibu, akaitegea sikio. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi ya Kitale, kati ya muuza mbegu na kinyozi, na ilibidi amwombe kinyozi anyamazishe redio ndipo asikie vizuri.

"Diski yako inakufa," alisema mwishowe. "Si virusi. Ni chuma chenyewe ndani kinakwaruza. Inaweza kuwaka mara moja tena ikakupa saa moja, au isikupe hata dakika. Kwa hivyo usiiguse mpaka uwe na diski nyingine mkononi ya kuhamishia vitu vyako. Kuna kitu cha maana humu?"

"Kuna kumuse ya kuka yangu, babu."

Kemboi alishusha pumzi. Yeye si Mbukusu, ni mtu wa Mlima Elgon, lakini alikuwa amekaa na Wabukusu miaka ya kutosha asihitaji kuelezwa.

Mzee Mukhwana, babu yake Edinah, alikuwa amezikwa Tongaren mwezi uliotangulia. Siku chache baada ya mazishi watu walirudi kuketi uani, na Mzee Makokha, msemaji wa kumuse, hotuba ya baada ya mazishi, akaja na fimbo yake. Kazi ya msemaji huyo ni kutembea mbele ya watu akieleza ukoo ulikotoka, marehemu aliishi vipi, na waliobaki waishi vipi. Si kila mzee hufanyiwa heshima hiyo. Na msemaji akishaanza, hakuna anayesimama, hakuna anayemkatiza, hakuna anayeondoka mpaka amalize.

Wekoye, babake Edinah na mwana wa kiume wa pekee wa marehemu, hakuwepo. Alikuwa Qatar, mlinzi wa ghala, na mkataba wake ulikuwa haujaisha. Uani watu walinong'ona sana: mwana gani huyu anayeacha babake azikwe na majirani? Mzee Makokha aliisikia minong'ono ile na akaijibu mbele ya wote, ndani ya kumuse yenyewe. Alisema Mukhwana ndiye aliyekataza mwanawe asiitwe. Edinah alimweleza babake habari hiyo kwa simu siku ile ile. Babake alishukuru, lakini kwa sauti ya mtu anayepokea chai ambayo hataki.

"Mnanifariji tu, mama," alimwambia, kwa maana hivyo ndivyo alivyozoea kumwita binti yake. "Baba amekufa akiwa na neno juu yangu. Siku nikikuja nitasikia mwenyewe kwa masikio yangu."

Sasa alikuwa anafika Jumapili. Na leo ilikuwa Ijumaa.

"Nakala nyingine huna?" Kemboi aliuliza.

"Kamera ilikuwa ya chuo. Hurudishwa kadi ikiwa tupu. Na Mzee Makokha alinikubalia nirekodi kwa sharti: isitembee kwa simu za watu, isiachwe kwa mashine ya mtu wa nje."

"Basi hata kompyuta hii yangu haifai."

"Nilimuahidi, fundi."

Kemboi hakubishana naye. Alifunga laptopu, akamrudishia kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mayai. "Utafute diski. Mpya za majina makubwa najua hutaweza na hiyo pesa ya mwanafunzi. Lakini sikia: usinunue ukubwa, nunua uzima. Na usinunue kwa mtu anayekukataza kupima."

Lorna, aliyesoma naye darasa moja la utayarishaji wa video, alimkuta njiani akamburuta moja kwa moja hadi duka la Kagwe, lenye vioo mbele na taa nyeupe ndani. Kagwe alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooka, maneno yanateleza.

"Karibuni warembo. Diski? Mmefika." Alitoa kitu kidogo kinachong'aa, kisichozidi kiberiti. "Tera mbili. Nyepesi, haina injini ya kuzunguka, hata ikianguka haisikii. Elfu mbili mia nane tu, juu nyinyi ni wanafunzi."

Lorna alimpiga Edinah kiwiko. "Si unaona? Tera mbili, na unabaki na nauli! Chukua hiyo kitu twende."

Edinah aliishika. Ilikuwa nyepesi mno, lakini wepesi si kosa. Alikuwa amejifunza mambo ya diski peke yake, kwa kuuliza, kwa kusoma na kwa kuharibu vya kwake, na desturi yake ilikuwa kutolihukumu jambo kabla ya kuligeuza pande zote. Jirani na pale, nyuma ya kioo, kulikuwa na diski ya jina linalojulikana, nusu ya tera tu, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hii. Kitu kikubwa kikiwa rahisi kuliko kidogo, kuna swali la kuulizwa.

"Naomba nijaze kitu kikubwa ndani, kisha nikifungue hapa hapa nione kama kimekaa," alisema.

"Kupima? Hiyo ni rahisi." Kagwe aliichomeka kwenye kompyuta yake. Skrini ikaonyesha tera mbili, tupu. "Si hiyo? Ama macho yako iko na shida?"

"Hiyo ni vile imeandikwa. Nataka kujua vile inabeba."

"Sasa tofauti ni gani?"

"Gunia linaweza kuandikwa kilo tisini. Hapa Kitale nani ananunua mahindi kwa kusoma gunia? Si tunaweka kwa mizani?"

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kava ya simu alicheka kwa sauti. Kagwe hakucheka. Alichomoa diski, akairudisha kwenye boksi lake.

"Basi madam, nenda soko ya mahindi. Huko watakupimia. Hapa ukifungua umenunua, na ukinunua hairudi."

Nje, Lorna alikuwa amekasirika kuliko Kagwe. "Wewe utazeeka ukichagua, bana! Baba yako anafika kesho kutwa. Ati mizani! Kama ile kitu ni nzima?"

"Labda ni nzima."

"Basi?"

"Sijui, Lorna. Na yeye hataki nijue. Nikiweka humo halafu iseme imeingia na haijaingia, nitagundua Jumapili, mbele ya baba."

Lorna aliguna, akashika njia yake. Edinah alimpigia Kemboi simu. Kemboi alifikiri kidogo, kisha akamwambia aende Bungoma, nyuma ya msikiti, kwa mtu anayeitwa Shafi. Shafi hutoa diski kwenye laptopu kuukuu, akazivalisha kava mpya. "Si mpya, lakini atakuachia upime mpaka uchoke. Na hiyo laptopu ipakate njiani. Usiiweke chini, kila tuta ni rungu."

Edinah aliifunga ndani ya leso, akaipakata kutoka Kitale hadi Bungoma, na kila barabara ilipokuwa mbaya aliinua visigino, akasimamia vidole, ili magoti yake yapokee kishindo badala ya laptopu.

Alifika adhana inaita. Shafi, mwanamume mwembamba mwenye kofia iliyofumwa, alikuwa tayari mlangoni anavaa viatu.

"Ijumaa, dada yangu. Rudi saa nane."

"Kaka, nimetoka Kitale. Laptopu yangu inaweza kufa wakati wowote, na ndani kuna maneno ya babu yangu aliyekufa. Fundi Kemboi ndiye amenituma."

Shafi alimtazama, akatazama lile furushi la leso, akatazama upande wa msikiti. Kisha akaita ndani, "Nafisa! Mpe trei, apime mwenyewe. Akichagua ngoja nirudi ndio alipe." Akavuta mlango wa bati nusu na kuondoka kwa haraka.

Nafisa, mkewe, alikuwa amekaa nyuma ya kaunta akibadilisha kioo cha simu, bisibisi ndogo kama sindano vidoleni. Alisukuma trei kwa kiwiko. "Hizo ndizo ziko. Ukisikia inayolia kama chura, iache, hiyo Shafi anaificha chini ananidanganya ni nzima."

Edinah alichagua taratibu. Alichomeka moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya duka. Ilikuwepo ya tera nzima, kava safi kabisa, bei sawa na pesa aliyokuwa nayo. Akaipima kwa programu ya kukagua. Ilikuwa imeshaanza kuwa na madoa, sehemu ambazo haziandikiki tena. Ilikuwepo nyingine, giga mia tano, kava imechanika pembeni na kuzungushiwa utepe wa gundi. Hiyo haikuwa na doa hata moja, na ilikuwa imetumika kidogo.

"Hiyo mbaya?" Nafisa alishangaa. "Wenzako wote hukimbilia ile kubwa."

"Hii inapumua vizuri," Edinah alisema. Aliijazia faili nzito kutoka kwenye kompyuta ya duka, akaichomoa, akairudisha, akafungua. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akaifuta ile faili. Hapo ndipo alipofungua leso.

Laptopu haikuwaka. Akangoja. Akabonyeza tena. Kwa muda mrefu kulikuwa na giza na ile sauti ndogo ya kugonga, tak, tak, kisha mwanga ukaja, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu.

Nafisa aliweka bisibisi chini.

Edinah aliichomeka kwenye laptopu ile diski yenye sura mbaya, akafungua folda, akaishika faili ya kumuse na kuivuta kuipeleka upande wa pili. Maandishi yakatokea: faili hii ni kubwa mno kwa diski hii.

"Mbona? Kuna nafasi ya kutosha!" alisema kwa sauti asiyoitambua kuwa ni yake.

Nafisa alikuja kuinama karibu naye. "Kubwa namna gani?"

"Giga arubaini na kitu."

"Faili moja? Peke yake?" Nafisa alipiga ulimi. "Shafi hupanga hizi diski kwa mtindo wa zamani, ndio zicheze kwa televisheni na kwa spika za watu. Mtindo huo haukubali faili moja ipite giga nne. Hakuna anayelalamika. Nani hapa ana video ya giga arubaini?"

Edinah alielewa kosa lake mara moja, na lilimchoma. Kamera ya chuo yenyewe ilikuwa imekata ile kumuse vipande vipande, kama inavyofanya siku zote. Ni yeye aliyeviunganisha. Shangazi yake Phelista, dada ya babake, alikuwa amemwambia waziwazi: maneno ya kumuse hayakatwi, ni kamba moja, kayaweke pamoja. Naye aliunganisha usiku ule ule, na akafuta vile vipande ili asibaki na kumuse iliyokatwa. Ilikuwa heshima. Hakuna mwanafunzi mwingine darasani kwao ambaye angefanya hivyo.

Tak. Tak tak.

"Tunaweza kuifuta hii diski tuipange upya," Nafisa alisema. "Ni dakika moja. Muvi za Shafi zitaenda, lakini ukifuta umenunua, basi. Itabeba faili yako yote nzima."

Edinah alinyoosha kidole kwenda kwenye kitufe, kisha akakirudisha.

"Ngoja," alisema.

"Dada, hiyo mashine inakohoa."

"Nasikia. Ngoja."

Alijilazimisha kufikiri polepole. Faili moja ya giga arubaini, ikihama nzima, hufika nzima au haifiki. Laptopu ikifa katikati, kule upande wa pili kungebaki kitu kisichofunguka, kipande cha gunia bila mahindi. Lakini akiikata, kila kipande kitakachofika kitakuwa kimefika kweli. Programu ya kukata alikuwa nayo, ndogo, isiyobadilisha chochote ila kutenganisha. Diski haikuhitaji kufutwa. Kilichohitajika ni yeye kukubali kuikata kumuse ya babu yake kwa mkono wake.

Akilini alimwona Mzee Makokha akitembea uani, fimbo juu, na watu wote wameketi, hata mtoto aliyelia alinyamazishwa akiwa pale pale mapajani. Hakuna aliyesimama.

"Nitaikata," alisema.

Nafisa hakujua uzito wa neno lile, lakini aliona uso wake, akavuta kigoda na kukaa kando yake bila kuuliza.

Kisha likaja swali la pili. Aanzie wapi? Kila mtu angeanzia mwanzo. Kumuse huanzia mbali: ukoo ulitoka wapi, ulipita wapi, nani alimzaa nani. Ndipo msemaji huteremka pole pole hadi kwa marehemu, na mwisho kwa watoto wake. Maneno kuhusu Wekoye yalikuwa karibu na mwisho. Na lile la mwanzo, alifikiri, Mzee Makokha hulisema kwenye kila kumuse ya ukoo huo. Mwakani au mwaka mwingine, uani kwa mtu mwingine, atalisema tena. Lakini habari za Mukhwana na mwanawe zilisemwa mara moja tu chini ya jua.

Aliiamuru programu ianzie mwisho, dakika kumi kumi, ikirudi nyuma.

Kipande cha kwanza kilitoka haraka kuliko alivyotarajia, akathubutu kupumua. Cha pili nacho kikapita. Cha tatu kilianza vizuri, kikafika nusu, kikasimama. Mstari wa kijani wa kuonyesha kazi ilipofika uliganda. Laptopu ilianza kulia, si tak tena, bali mkwaruzo mrefu kama wa jembe linalopita juu ya jiwe.

"Ipige kidogo pembeni," Nafisa alinong'ona. "Redio ya mama yangu hivyo ndivyo..."

"Hapana! Usiiguse. Tafadhali."

"Sigusi. Sigusi."

Nje, kipaza sauti cha msikiti kilileta hotuba, maneno mengine yakisikika, mengine yakichukuliwa na pikipiki zinazopita. Edinah alijua kilichokuwa ndani ya kipande kile. Alikumbuka kwamba Mzee Makokha alipofika kwenye habari za Wekoye alisimama kidogo akajifuta jasho, na baada ya hapo ilibaki kama nusu saa. Kwa hivyo ni hiki. Kama diski ilikuwa na doa moja tu mwili mzima, lilikuwa limekaa hapa.

Aliweka mikono chini ya mapaja ili isibonyeze kitu. Kuchomoa kungeua kila kitu. Kungoja pia huenda kungeua. Tofauti ni kwamba akichomoa atajua ni yeye.

"Kuna mtu anaingojea?" Nafisa aliuliza polepole.

"Baba. Watu walisema alimtupa babu. Babu alisema hapana. Iko humo ndani."

"Ya Rabi," Nafisa alisema, akageuza macho kwenye skrini kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa.

Mstari ulitikisika. Ukasonga unywele mmoja, ukasimama. Ukasonga tena. Mkwaruzo ulipungua ukawa tak, tak, na ule mstari ukaanza kujivuta mbele kidogo kidogo mpaka ukafika ukutani, na kipande kikajitokeza upande wa pili kikiwa na jina na uzito wake.

Nafisa alipiga makofi mara moja, akajizuia. Edinah hakupiga. "Bado nyuma," alisema.

Vipande vingine vitatu vilifika. Maisha ya Mukhwana, shamba alilopewa Tongaren likiwa bado magugu, ng'ombe aliowauza kusomesha binti. Kisha programu ikaanza kukata sehemu inayoelekea kwenye ukoo, na hapo laptopu ikatoa sauti moja fupi, kavu, skrini ikawa buluu, halafu nyeusi. Edinah alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Hakukuwa na tak. Kimya tu.

"Imekwenda," Nafisa alisema.

"Imekwenda."

Shafi aliporudi kutoka msikitini aliwakuta wawili hao mbele ya kompyuta ya duka, diski yenye sura mbaya imechomekwa, Edinah amevaa spika za masikioni, macho amefumba. Shafi akataka kutaja bei, Nafisa akamwonyesha kidole: nyamaza. Edinah alikuwa anafungua kila kipande, mwanzoni, katikati, mwishoni. Katika kile cha tatu picha iliganda kwa muda, Mzee Makokha amenyanyua mguu bila kuushusha, lakini sauti haikukatika. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua spika.

"Ni nzima?" Shafi aliuliza.

"Diski yako ni nzima, kaka. Ya kwangu ndiyo imekufa." Akatoa pesa. "Mwanzo umepotea."

"Niachie hiyo laptopu nijaribu."

Edinah alifikiria lile sharti la Mzee Makokha, akatikisa kichwa, akaifunga tena katika leso.

Jumapili alasiri Wekoye aliingia uani Tongaren akiwa mwembamba kuliko picha zake. Hakuketi. Alienda kwanza kaburini, akasimama huko peke yake, akarudi na vumbi kwenye magoti. Chai ilimiminwa ikapoa. Ndugu waliingia, wakaketi kandokando ya kuta wakimsalimia kwa adabu ile ya watu walio na neno jingine chini ya ulimi.

"Iko wapi?" alimuuliza Edinah.

Edinah alichomeka diski nyuma ya televisheni. "Baba, kabla sijawasha. Si yote. Laptopu ilikufa. Nimeikata, na nilianzia mwisho. Mwanzo sina."

Kikombe kiligonga meza. Kilikuwa cha shangazi Phelista. "Umeikata? Nilikwambia nini mimi? Kumuse unaikata kama kamba ya mbuzi, halafu unatuletea mkia!"

"Shangazi, ningeanzia mwanzo tungekuwa na mwanzo tu."

"Ati tungekuwa na mwanzo! Mzee Makokha akisikia atakuja kukuuliza mbele ya watu, na mimi sitakutetea."

"Nitamwambia mwenyewe. Kesho nitaenda kwake."

Phelista alifungua mdomo tena, lakini Wekoye aliinua mkono bila kumtazama. "Dada, tafadhali. Washa, mama."

Ua wa mwezi uliopita ulijaa kwenye kioo: watu wameketi, jua kali, mzee na fimbo yake. Wekoye alikuwa bado amesimama, mkoba begani. Mzee Makokha alijifuta jasho, akageuka, na sauti yake ikatoka nyembamba na safi.

"Kuna mtoto hayupo hapa. Nawasikia mkilitafuna jina lake tangu juzi kama muwa. Litemeni. Mukhwana aliniita mimi akiwa na pumzi bado. Akasema: Wekoye asiitwe. Mkataba wake ukivunjika, wajukuu wangu watarudishwa kutoka shule kwa kukosa karo. Mimi ndiye nimemkataza, na akiuliza, mwambieni sina neno naye. Sina neno. Alisema mara mbili, nami nayasema mara mbili."

Ndani ya nyumba hakuna aliyesonga. Mjomba mmoja aliyekuwa mlangoni, aliyesema mengi siku ya mazishi, alianza kuinuka, akakuta kila mtu ameketi, akashuka tena.

Wekoye aliteremsha mkoba chini. Akaketi, si kwenye kiti walichomwekea, bali sakafuni mbele ya televisheni, kama mtoto.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema.

Edinah alirudisha. Mzee akajifuta jasho, akageuka, akasema.

"Rudisha tena."

Alirudisha. Mara ya tatu hakungoja kuombwa. Aliweka rimoti kwenye kiganja cha babake, akamwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma, akaokota vikombe vya chai iliyopoa na kwenda jikoni kupasha nyingine.